Matembezi ya Bibi Demetria

Muhsin, tangu nimzike mke wangu sitoki, leo nimetoka nakutana na upuuzi. Wamezindua ile njia ya mzunguko ya watalii hapa Temeke.

Kijana wao wa kutembeza wageni anatuambia enzi za Mwingereza wenyeji walipenda kupunga upepo pale. Walipenda, Muhsin. Walipenda.

Babu Audax alifiwa na mkewe Demetria mwaka 1948. Makaburi yalikuwa ng'ambo ya ile njia, wakatize tu wafike. Karani mmoja wa Mwingereza, Elinaza, akasimama mbele ya jeneza akawazuia.

"Hii ni njia ya matembezi ya wazungu. Zungukeni."

"Mwanangu, kaburi lile pale."

"Shikamoo mzee, nimeliona. Zungukeni."

Shikamoo katoa. Njia hakutoa.

Wakazunguka kwa nje, vichakani, maiti mabegani, jua la saa saba. Leo wakubwa wetu wanakata utepe palepale wanapiga picha. Wa jana na wa leo, lao moja.

Walipotokea upande wa pili wakamkuta Elinaza, yeye kakatiza, anawangoja. Babu akamwambia polepole:

"Kamwambie bwana wako, Demetria amemaliza matembezi. Anashukuru."