Wachina Husema Mimi na Wewe

Jumanne, 1 Oktoba 2019

Sikukuu ya taifa ya China, upande wa pili wa daraja. Mji wao wa Dongxing wote unataka kaa wa baharini, na sisi huku Móng Cái, upande wa Vietnam, hatujakaa chini tangu asubuhi. Đoàn anafunga kaa kwa kamba, simu kaibana begani, Kichina kinamtoka kama maji ya bomba. Mteja ni yule yule, Bi Qiu. Na anacheka! Mume wangu huyu, ambaye nikimwambia jambo la kuchekesha hunijibu "ehe" — leo anacheka.

Mwezi mzima natega sikio. Napata neno moja, halafu linanikimbia.

Kesho naanza kwa mwalimu Hảo, anayefundisha wachuuzi Kichina juu ya duka la vitambaa. Nyumbani nimesema najiunga na akina mama wanaocheza dansi ya mazoezi uwanjani. Đoàn kasema vizuri, itasaidia goti. Hata kichwa hakuinua.

Ijumaa, 4 Oktoba

Kichina si kigumu kama nilivyodhani, na hilo nalo linanitia wasiwasi. Sauti zetu hupanda na kushuka kwa namna sita, zao nne tu. Sisi husema nyumba nyekundu. Wao nyekundu kwanza, nyumba baadaye — yaani unasubiri kujua wanazungumzia nini. Nikamwambia mwalimu hiyo ni lugha ya watu wa kuficha mambo. Akacheka, akadhani natania.

Kisha akapiga mstari katikati ya ubao. Upande mmoja: mchele, samaki, mvua, kulala, kulia. Hayo yetu wenyewe, hayafanani na yao hata kidogo. Upande wa pili: serikali, sheria, ndoa, talaka. Hayo walituachia walipotutawala zamani zile, na hadi leo karibu yanalingana.

Nimeliangalia lile la mwisho muda mrefu. Hata talaka tuliazima kwao. Haya, sasa nina neno moja la kuvizia kwenye simu.

Jumatano, 9 Oktoba

Nimelivizia. Halikutajwa.

Nilikaa mlangoni namenya vitunguu saumu, nimejikausha. Nimeelewa: barafu, lori, kesho, ghali mno, kaa jike. Halafu Đoàn, kwa sauti ya chini: "Wewe umekula?" Hilo si kitu, wao na sisi wote huulizana hivyo. Lakini akaongeza: "Mimi nilikwambia wewe upumzike."

Mimi. Wewe. Hapo ndipo nilipokwama.

Angekuwa anasema kwa lugha yetu ningejua kwa pumzi moja. Kwetu huwezi kumwambia mtu hata "shika chenji" kabla hujaamua yeye ni nani kwako: shangazi, mjomba, kaka, mdogo wangu. Na wewe mwenyewe ni nani kwake. Ukikosea, mtu ananuna hadi mwaka mpya. Wachina wana mimi na wewe — kwa mteja, kwa mke, kwa mbwa. Lugha yenye pazia. Na mume wangu kajificha nyuma yake.

Nimemuuliza mwalimu Hảo kwa kuzungukazunguka: mtu akiongea na mpenzi wake kwa Kichina, utajuaje?

"Hujui, shangazi. Labda kwa sauti. Kwani nani huyo?"

Nikasema jirani.

Jumatatu, 14 Oktoba

Jumapili ni kumbukumbu ya kifo cha mama mkwe. Đoàn, huku ananawa mikono: "Bibi, nimemkaribisha na yule mteja wa Dongxing. Tusipomwita itakuwa aibu."

Bibi. Tangu mjukuu wetu Bống azaliwe, mimi ni bibi na yeye ni babu. Kabla ya hapo nilikuwa mama Tiến, kwa jina la mwanetu. Na kabla ya hapo, alipokuwa ananichumbia, yeye alikuwa kaka na mimi mdogo wake, kama vijana wote wa hapa wanaopendana. "Mdogo wangu." Nililipenda neno hilo. Sijui liliondoka lini nyumbani kwetu, sikulisikia likifunga mlango.

Nikasema haya, aje. Akaniambia pia kwamba huyo mama anajifunza lugha yetu.

"Anajifunzia wapi?"

"Ah, huko huko kwao. Sijui."

Hajui.

Alhamisi, 17 Oktoba

Kuku wawili, uyoga, mchele wa kunata. Wifi yangu Thắm kaja kusaidia na mdomo wake. "Huyo Mchina mzee au kijana?" Nikasema sijamwona. "Basi Jumapili fungua macho, wifi." Nimemchukia kwa siku nzima kwa sababu kasema kweli.

Jioni kwa mwalimu. Nimeuliza wageni hufundishwaje lugha yetu, maana mtu wa nje atayaweza wapi majina yote hayo? Kasema madarasa yote huanza na lile "mimi" kavu, lisilo undugu, la ofisini na kwenye habari. "Ni salama, shangazi. Hawatukani mtu."

Vizuri kujua.

Jumapili, 20 Oktoba

Nitaandika yote.

Bi Qiu kaja saa nne na machungwa na ubani. Miaka arobaini hivi. Si mzuri — ana uso wa mtu aliyechoka, mikono imechanwa na kaa kama yangu. Ningependa awe mzuri. Kasimama mbele ya madhabahu ya wazee, kainama mara tatu, sawasawa. Kisha kainua macho kwenye ule ubao wa herufi za Kichina za zamani, ambazo humu ndani hakuna anayezisoma tena, na akausoma! Kwa sauti, kama gazeti. Đoàn akatufasiria: wema wa wazee haukatiki. Tangu niolewe naupangusa vumbi ubao ule, na kumbe aliyekuwa anaujua ni mgeni huyu.

Nikasema moyoni, Luyến, tulia. Kusoma si kosa.

Tukakaa mkekani. Kama kawaida, kabla ya kushika vijiti vya kulia, wadogo wanawakaribisha wakubwa, mmoja mmoja. Bống kaanza: mjukuu anamkaribisha babu ale, mjukuu anamkaribisha bibi ale. Ana miaka minne, hakuruka mtu. Ndipo Bi Qiu akasema na yeye anaweza, kwa lugha yetu. Watu wakafurahi.

Akamgeukia Đoàn. "Kaka, mdogo wako anakukaribisha ule."

Sawa. Đoàn kamzidi umri, yeyote angesema hivyo.

Akaja kwangu. "Dada, mdogo wako anakukaribisha ule." Sawa pia.

Akamgeukia ami yake Đoàn, ambaye meno yote yalishaondoka. "Babu, mdogo wako anakukaribisha ule." Watu wakaguna kwa kicheko. Halafu akamwinamia Bống, kwa heshima zote: "Mtoto, mdogo wako anakukaribisha ule."

Nyumba ikaanguka kwa kicheko. Bống akapiga kelele, "Mdogo ni Bống!" Thắm akafuta machozi: "Haya Bống, umepata mdogo, tena ana simu mbili!" Bi Qiu mwenyewe akacheka, hakujua kosa liko wapi. Nami nilicheka.

Kisha nikaweka vijiti chini.

Hana neno lingine la kujiitia. Darasani wangempa lile kavu. Sokoni angekuwa shangazi kwa huyu, dada kwa yule, mama kwa wenye kubeba makreti. Huyu hajajifunza kwa watu. Kajifunza kwa mdomo mmoja tu, na katika mdomo huo jina lake ni mdogo wangu. Anadhani hiyo ndiyo "mimi" ya Kivietinamu.

Thắm kaniangalia, kaacha kucheka. Đoàn hakuwa amecheka tangu mwanzo. Alikuwa anachambua paja la kuku, na hakulila.

Wameondoka saa nane. Bi Qiu alipoaga alinishika mikono yote miwili: "Dada, mdogo anashukuru." Sikuweza hata kumchukia vizuri.

Nikabaki jikoni na Đoàn na bakuli za kuosha. Nikamwambia kwa Kichina: "Yeye ni nani kwako wewe?" Taratibu, kila sauti mahali pake. Mwalimu Hảo angenipigia makofi.

Akageuka. Nilimwona anaunganisha uongo wangu haraka — uwanjani, dansi, goti. Kisha akaanza kunijibu kwa Kichina: "Mimi…"

"La," nikasema. "Kwa lugha yetu."

Akaweka bakuli chini.

Kwa lugha yetu hawezi kuanza. Kabla ya uongo wowote, kabla ya ukweli wowote, lazima kwanza aseme mimi ni nani kwake. Bibi? Mama Tiến? Au ataniita kama mtu wa ofisini, lile neno kavu, na hapo nitakuwa nimejua yote. Au atathubutu kuniita lile la zamani, mdogo wangu, baada ya kulisikia leo likisemwa kwa kila mtu mkekani.

Alitoka uani. Nimesikia maji ya bomba, kisha hayapo. Naandika kwenye meza ya jikoni, bakuli bado chafu. Sasa amerudi. Kasimama mlangoni, mikono inachuruzika. Siinui kichwa. Namsikia anavuta pumzi ya kuanza kusema, anaiachia, anavuta nyingine…