Wimbo wa Mahujaji kwa Biti za Juma

Nafula Wekesa,
Doha, Qatar.
28 Mei 2013.

Mpendwa Shangazi Phyllis,

Pokea shikamoo zangu kutoka huku kwenye joto. Goti lako linaendeleaje? Natumaini sasa unafika soko la Chwele bila kuegemea ukuta wa kila duka. Mvua je, imewatendea haki mwaka huu? Na mahindi yamefikia wapi? Nikikumbuka ule ubaridi wa asubuhi wa kwetu natamani kulia, maana hapa ukifungua bomba la maji baridi yanatoka ya kupikia ugali.

Mimi ni mzima kabisa. Kazi ya hotelini ni ileile, nikimaliza kutandika vitanda vya ghorofa moja naanza nyingine, lakini afya iko na wasichana tunaoishi nao ni wazuri. Charity, msimamizi wetu, ni Mkenya mwenzetu na ananitunza kama mdogo wake.

Sasa Shangazi, keti vizuri. Najua umeshaiona ile picha.

Paul wa Mjomba ndiye aliyeiona kwenye Facebook akaenda kumwonyesha Mama. Mimi nimesimama na gauni jeusi mpaka kwenye vidole vya miguu, midomo myeusi, macho yamezungushiwa wanja, nyuma kuna moshi na taa ya zambarau. Nimesikia kwamba Mama aliuliza nani amekufa, na Paul, Mungu amsamehe, akamjibu kwamba hivyo ndivyo wanavyovaa watu wa dini ya shetani. Tangu siku hiyo Mama hashiki simu yangu. Inaita mpaka inakata. Nimempigia nikiwa kazini, nimempigia nikitoka misa, hashiki.

Shangazi, sijaingia dini yoyote. Nimeingia kwenye bendi!

Ngoja nikueleze tangu mwanzo, maana nikiruka utaanza kuuliza maswali na mimi siko hapo kujibu.

Hapa misa kubwa ni Ijumaa, kwa sababu Ijumaa ndiyo siku ya mapumziko. Mimi niko kwenye kwaya ya Wakenya, na kuna wakati tunaimba Kilatini, zile nyimbo za zamani ulizonifundisha wewe, ulizozipata kwa masista wa misheni. Siku moja baada ya misa mama mmoja Mjerumani akanifuata mpaka kwenye geti. Anaitwa Hannah, anafundisha muziki kwenye shule moja ya kimataifa. Akaniambia kwa Kiingereza kwamba sauti yangu ni nzito kama ya watu wa kale, na akaniuliza kama ningependa kujaribu jambo la ajabu.

Mimi nikadhani anatafuta mtu wa kumfulia nguo!

Kumbe Hannah, tangu ujana wake huko kwao, anapenda aina ya muziki wanaouita gothiki. Ni muziki wa polepole na mzito, unaogusa mambo ya huzuni na kifo na upendo uliopotea, na wapigaji wake huvaa nyeusi tupu. Ni mtindo tu, Shangazi, kama vile wapigaji wa rumba wanavyopenda suti. Na hapa Doha nyeusi ni rangi ya kila siku. Nusu ya wanawake madukani wamevaa abaya nyeusi na hakuna anayewaita wachawi. Gauni langu lenyewe ni kitambaa cha abaya nilichonunua Al Wakrah, nikashonewa na fundi wa hukohuko.

Hannah alitaka kuchukua nyimbo ambazo watu wa Ulaya waliziimba miaka mia saba, mia nane iliyopita, azichanganye na huo muziki mzito wa siku hizi na ngoma za kompyuta. Ana chombo ambacho sijawahi kuona mfano wake. Ni kama zeze nene lenye gurudumu ndani, na pembeni kuna mkono wa kuzungusha kama wa mashine ya kusagia nyama. Ukizungusha, nyuzi zinalia bila kukatika, mlio mmoja wa chini kabisa kama nyuki ndani ya mzinga, na juu yake unapiga wimbo kwa vidole. Mara ya kwanza kuusikia nilisisimka mpaka kwenye kisogo.

Mtu wa kompyuta ni Juma, Mtanzania wa Tanga. Ni dereva wa basi kwenye shule hiyohiyo, na analala Industrial Area kwenye chumba cha watu wengi. Jioni wenzake wakicheza karata yeye huvaa spika za masikioni akatengeneza biti, yaani midundo ya muziki, kwenye laptopu yake ya zamani. Hannah alizisikia siku moja ndani ya basi akamwuliza ni za nani, naye akasema kwa aibu, "Zangu, madam." Basi tukawa watatu. Tulikuwa tunakutana nyumbani kwa Hannah, Al Wukair, Ijumaa mchana baada ya misa na baada ya Juma kutoka msikitini.

Shangazi, mwanzo ulikuwa kichekesho. Hannah alichagua wimbo wa mahujaji, watu waliokuwa wakitembea nchi hata nchi kwenda kusali mahali patakatifu. Maneno ni ya Kilatini. Wanamwomba Mama Maria awaangalie waliobaki nyumbani, na wanaomba kwamba atakayefia njiani jina lake lisisahauliwe. Nikaanza kuimba, Juma akafungulia biti, na loo! Ilikuwa kama harusi ya Tanga imepita katikati ya mazishi. Hannah akacheka mpaka akaliachia lile gurudumu.

Tulihangaika hivyo majuma mengi. Tatizo ni kwamba wimbo wa kale wa namna ile hauhesabiwi moja mbili tatu nne. Unaenda na pumzi. Nikivuta neno, biti inaniacha. Nikiifukuza biti, wimbo unakufa. Hannah alitaka uzito zaidi, Juma alitaka watu wacheze, mimi nilitaka wote wawili wanyamaze.

Siku moja Juma akazima kila kitu akaniambia, "Dada Nafula, wewe tembea tu. Usinisikilize. Mimi ndiye nitakufuata." Akaacha kuipanga ngoma kwenye kompyuta mapema, akaiweka kwenye vitufe aipige kwa vidole vyake mwenyewe, akiniangalia kifua ninavyopumua. Nikianza neno, pu. Nikimaliza, pu. Kama miguu ya watu waliochoka. Halafu besi ikaingia chini polepole na lile zeze la Hannah likalia juu yake, na mimi nikajisikia kama natembea kwenye barabara ndefu na umati wa watu nyuma yangu. Tulipomaliza, Hannah alikuwa anafuta macho. Juma akasema, "Sasa huu ni wimbo." Niliruka, Shangazi! Mtu mzima mimi, niliruka kwenye zulia la watu!

Hapo ndipo Hannah akatupiga picha na moshi wa mashine na taa zake, akaiweka Facebook kutangaza onyesho letu kwenye ukumbi wa shule. Picha ikafika kwa Paul, ikafika kwa Mama, na kabla ya hapo ilikuwa imefika kwa Mwalimu Augustine.

Mwalimu Augustine ndiye kiongozi wa kwaya yetu, mtu wa Machakos, dereva wa basi la wafanyakazi wa hoteli yetu. Ni mzee mwenye heshima na anaujua muziki wa Kanisa kuliko mtu yeyote hapa. Aliniita kando baada ya mazoezi, akanionyesha simu.

"Nafula, huyu ni wewe?"

"Ni mimi, Mwalimu."

"Na huo wimbo mnaoutia disko, si ni sala ya watu?"

"Ni sala, Mwalimu, na tunaiimba kama sala."

"Hapana. Huwezi kumwimbia Mungu Ijumaa, halafu Jumamosi unamwimbia sijui nani, umejipaka masizi mdomoni. Chagua."

 Nilivua skafu ya kwaya nikaikunja nikampa.  Nilitoka nikalia pale kituo cha basi mbele ya watu, Wahindi wawili wakanipa maji ya chupa.

Nikamwambia Hannah atafute mwimbaji mwingine. Nilikuwa nimepoteza kwaya, Mama hashiki simu, na kwa nini? Kwa ajili ya zeze la gurudumu? Hannah hakunishurutisha. Aliyesema ni Juma.

"Dada, mimi ni Mwislamu," akasema. "Kabla sijaugusa huu wimbo nilimwuliza Hannah maana ya kila neno. Ungekuwa wa shetani, mimi ningekuwa wa kwanza kuuacha. Bibi Maryamu hata kwetu tunamheshimu. Na hawa watu waliacha watoto wao wakaenda mbali, hawajui kama watarudi. Sasa niambie, huo ni wimbo wa nani kama si wetu?"

Nikawafikiria wale wote wanaolala naye kwenye kile chumba. Nikakufikiria na wewe, ulivyokuwa ukisisitiza kwamba ukiimba neno usilolielewa unapiga kelele tu. Hili nalielewa, Shangazi. Nikamwambia Juma, "Weka maiki."

Onyesho lilikuwa Jumamosi iliyopita jioni. Charity alinibadilishia zamu, akapanga wasichana wa hoteli waje na basi la wafanyakazi. Na dereva wa zamu alikuwa nani? Mwalimu Augustine! Akawaambia wazi kwamba atawafikisha na kuwarudisha lakini ukumbini haingii, atakaa kwenye basi. Nami nilijua hayo yote nikiwa napaka ule wanja.

Ukumbi ulijaa. Wazungu, Walebanoni, Wafilipino wengi, na nyuma kabisa wasichana wetu wakipiga vigelegele kabla hata sijafungua mdomo. Zikazimwa taa, ikawaka ile ya zambarau. Hannah akaanza kuzungusha. Nikaona mlango wa nyuma unafunguka na mtu anaingia, akasimama ukutani. Alikuwa Mwalimu. Nilikuja kuambiwa baadaye kwamba joto la ndani ya basi lilimshinda, akaja kutafuta hewa ya AC.

Nikafumba macho nikaimba.

Sijui nikuelezeje. Sauti ilitoka ikaenda mpaka kwenye paa ikarudi. Vidole vya Juma havikuniacha hata mara moja. Besi ilipoingia nilihisi mbao za jukwaa zinatetemeka chini ya viatu, na mimi nikapanda juu yake kama mtu anayepanda kilima bila kuchoka. Tulipofika pale wanapowaombea waliobaki nyumbani, Wafilipino wa mbele wakaanza kunifuata kwa mdomo uliofumbwa, mmm, mmm, na ukumbi wote ukadakia. Hatukuwa tumepanga hivyo! Hannah alinitazama, mimi nikamtazama Juma, Juma akainua bega tu akaendelea kupiga. Wimbo ulipoisha watu wakasimama. Wote, Shangazi. Walisimama!

Tukarudi na basi. Wasichana walikuwa wanaimba na kupiga viti, mimi nimekaa nyuma na midomo yangu myeusi, namtazama Mwalimu kwenye kioo.  Tulipofika kwenye taa nyekundu akaita, "Nafula, njoo mbele."

Nikaenda nikakaa kiti cha karibu naye.

"Silabi ya mwisho," akasema, macho yakiwa barabarani. "Unaivuta sana. Kilatini hakivutwi hivyo."

"Ndiyo, Mwalimu."

Taa ikawa ya kijani. Tukaenda kitambo.

"Na huyo mtu wa Tanga, hawezi kupunguza besi? Kifua changu kilikuwa kinatikisika."

"Nitamwambia, Mwalimu."

Tukakata kona ya mwisho ndipo akasema, "Hiyo rangi ya midomo siipendi na sitaipenda. Lakini ile ilikuwa sala. Ijumaa uje mapema, tuna wimbo mpya."

Shangazi, sikulala vizuri kwa furaha. Mpaka sasa ninavyokuandikia mkono unakimbia kuliko kalamu.

Barua hii anakuletea Roselyne, msichana wa Kimilili tunayefanya naye kazi, anakuja likizo. Amebeba pia CD, maana Juma alirekodi onyesho lote. Nakuomba kitu kimoja. Nenda kwa Mama. Usimweleze habari za gothiki, wala ile picha usiitaje. Weka tu CD kwenye redio yake, ukae naye, usiseme kitu. Mwache asikie kwanza hiyo ni sauti ya nani.

Nisalimie Mjomba na watu wote wa boma lake, hata Paul, mwambie simchukii ila aache kueneza mambo. Nisalimie Jennifer na mapacha wake, na akina mama wa jumuiya. Hannah na Juma wanakusalimu pia, ingawa hawakujui ila kwa nyimbo zako.

Mungu akuponye goti, akulindie shamba, na aulainishe moyo wa mama yangu kabla Roselyne hajarudi.

Ni mimi mtoto wa kaka yako, ninayekupenda na kukukumbuka kila ninapofungua mdomo kuimba,

Nafula.