Figo la Shangazi Ndeshi

Old Moshi, Jumapili

Dada Rehema, shikamoo. Mimi mzima, ila baridi ya huku haina adabu.

Unajua nimekuja kujifunza kukata nyama nyembamba kuliko ganda la kitunguu, za kutazamwa kwa hadubini. Jumatatu mzee mwenye nyumba alichinja mbuzi, nikaomba kipande cha figo. Akaniangalia kama niliyeomba kihamba chake, shamba la ukoo, na migomba yake yote.

"Figo lina mwenyewe," akasema.

Huku kila kiungo cha mbuzi kina mtu wake, na hilo ni la dada yake anayeishi Himo. Nikangoja. Dada huyo, ambaye wote humwita shangazi Ndeshi, alifika saa nane, akauliza nataka kiasi gani. Nikamwonyesha ncha ya kidole. Akakata kipande mwenyewe, nikakitia kwenye dawa ya fomalini kisioze.

Ijumaa alikuja maabara amevaa gauni la kanisani, kukagua mali yake. Nilikuwa nimeshakigandisha kwenye nta, nikakikata na kukitia rangi. Akainamia hadubini.

"Viduara vingi, kama kahawa mbichi. Vyote vyangu?"

"Ndiyo, shangazi."

"Basi andika."

Vioo vyangu vyote vya hadubini vina jina la kiungo na la mnyama. Hicho kimoja kimeongezwa: "la shangazi Ndeshi". Mwalimu amekisoma, hakufuta.

Wasalimie wote nyumbani. Mkichinja Krismasi, mtenge kipande changu, hata cha ncha ya kidole. Mle tu, lakini mtaje jina langu kwanza.

Mdogo wako, Yohana