Ubani Katika Sikio la Redio

Garissa, Jumatano, Februari 1995

Kumbe mkosa ni mimi. Siku nzima nimeilaumu redio bure, astaghfirullah.

Kesho alfajiri jirani anasafiri kwenda Kanada na kaseti ya kumpelekea mwanangu Yusuf, aliye huko. Mama yangu haoni tena wala hajui kuandika, kwa hiyo asubuhi alikaa mbele ya redio kaseti akamwombea mjukuu wake dua ndefu. Tukarudisha mkanda tusikilize. Kimya kabisa.

Nikabadilisha betri. Nikapangusa ndani kwa marashi. Nikaipiga hata kofi. Mwisho nikampelekea fundi sokoni.

"Mama, nani ameziba maikrofoni kwa ubani?"

Nani tena! Kale kashimo ka pembeni nilidhani ni mlango wa vumbi, nikakaziba kwa ubani niliotafuna mwenyewe. Na nikajisifu.

Fundi alicheka mpaka akaketi.

Nilirudi nikiogopa. Mama ni mgonjwa, pumzi yake ni kidogo, na sijui kama Yusuf atamkuta. Nitamwambiaje arudie?

"Nilimwambia Mungu, naye alisikia," mama akasema nilipomweleza yote. "Haya, washa, tumwambie na Yusuf."

Akarudia kwa ufupi, akipumzika katikati. Kabla sijazima akaongeza: "Na wewe Yusuf, mwombee mama yako. Redio ilikuwa nzima, akaitia uziwi."

Nilitaka kuyafuta hayo maneno, niondoe aibu. Lakini baada yake mama anasikika akicheka, na tangu augue hajacheka hivyo.

Nimeyaacha. Acha Kanada nzima ijue.