Mstari wa Mia na Arobaini

Jumatano, 12 Februari

Mwanangu mpenzi,

Salamu nyingi sana. Mimi mzima wa afya, hofu ni kwako wewe uliye mbali. Unakula vizuri, au bado ni chai na mkate mbele ya kompyuta?

Usishangae kupata barua pepe kutoka kwangu. Simu yangu imepasuka kioo, haioneshi kitu. Naandika kwa mashine ya masjala hapa kliniki, kidole kimoja kimoja, tangu saa nne asubuhi. Sasa ni saa sita.

Sista mkuu ametangaza kwamba mwisho wa mwezi kadi zote za wagonjwa wanaochukua dawa kila mwezi zinakwenda kusagwa. Miaka ishirini na sita nimezipanga kadi zile kwa mikono hii. Fundi wa kompyuta, yule tunayemwita Bwana Waya, amenisaidia kuziingiza kwenye orodha moja, wagonjwa mia mbili na kumi na wawili. Kesho anaondoka, nabaki nayo mimi. Nikishindwa, Sista kasema nitatafutiwa kazi nyingine, na sote tunajua kazi nyingine haipo.

Mwanangu, naogopa. Nikikishika kipanya mkono unatetemeka, mshale unaruka huku na huku. Nifundishe kwa barua. Nimenunua daftari, kila utakaloandika nitalinakili neno kwa neno.

Mama yako


Ijumaa, 14 Februari

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Mimi sijambo, hofu ni kwako. Barua yako nimeichapisha nikaibandika ukutani. Safari ijayo angalau weka nafasi baada ya nukta, mwalimu wako ana macho mawili tu.

Haya, fungua daftari. Somo la kwanza: orodha ni jedwali. Mstari unakwenda kulia, nao ni mtu mmoja na habari zake: namba, jina, mwaka wa kuzaliwa, ugonjwa. Safu inashuka chini, nayo ni habari ya aina moja kwa watu wote. Somo la pili: ukimaliza kazi, hifadhi, halafu weka nakala kwenye flashi. Somo la tatu: ukitaka kupanga kwa alfabeti, bofya kichwa cha safu, kisha kitufe chenye herufi A na Z. Somo la nne, ndilo kubwa: mashine haiumi. Ikikuuliza swali usilolielewa, usigande kama mwizi aliyemulikwa tochi. Bonyeza Endelea.

Na huo mkono, mama, unatetemeka kwa kipanya tu?

Mwanao


Ijumaa, 28 Februari

Mwanangu,

Marahaba. Mimi mzima, hofu ni kwako.

Kadi zimeondoka leo asubuhi, magunia kumi na moja. Nilisimama mlangoni nikaliangalia gari mpaka likakata kona, nikalia kidogo, nikarudi kwenye kiti. Nikafungua orodha. Magonjwa yamekaa kama nguo za kufua, presha hapa, kifafa pale. Nikasema hapana, kadi zangu hazikuwahi kukaa ovyo hivi.

Basi, somo la tatu. Nikabofya kichwa cha safu ya ugonjwa, nikabonyeza A na Z. Mashine ikauliza swali refu la Kiingereza. Somo la nne, nikabonyeza Endelea. Ungeona, mwanangu! Figo zote pamoja, kifafa pamoja, moyo, presha, pumu, sukari, vimenyooka kama gwaride. Na majina hayakusogea hata moja. Nimehifadhi, nimeweka nakala kwenye flashi, na nakala ya zamani nimeifuta nisije nikachanganya.

Jumatatu saa mbili muuguzi wa dirishani anaanza kugawa dawa kwa kufuata orodha yangu. Mara ya kwanza bila kadi. Niombee.

Mama yako


Jumamosi, 1 Machi

Mama,

Shikamoo. Nisamehe, sina salamu leo. DIRISHA LISIFUNGULIWE. Mtu yeyote asipewe dawa kwa orodha ile.

Kwamba majina hayakusogea, ndiyo hatari yenyewe. Magonjwa yamejipanga peke yake, watu wamebaki palepale. Sasa kila mtu ana ugonjwa wa mwenzake. Mwenye pumu atapewa dawa ya sukari. Na nakala ya flashi imebeba kosa lilelile.

Kosa ni langu. Nilipaswa kukuambia uchague jedwali zima kabla ya kupanga. Na swali lile la Kiingereza lilikuwa linakuonya, nami nilikuwa nimekufundisha usiogope.

Nimepiga simu ya kliniki mara tisa, inaita tu, ni Jumamosi. Jirani yetu mwenye simu alishahama. Nimebaki na barua hii, na sijui Jumatatu unafungua nini kwanza, barua au orodha. Ee Mungu, iwe barua.

Mwanao


Jumatatu, 3 Machi

Mwanangu,

Mimi mzima, hofu ni kwako.

Nilifungua orodha kwanza. Barua yako nimeiona saa mbili na dakika ishirini, na watu watano walishahudumiwa. Wanne walikuwa bado kwenye benchi wanapiga soga, nikawapokonya pakiti bila hata kueleza. Wa tano, yule mama mshonaji mwenye kifafa, alikuwa ameshatoka.

Nilimkimbilia na viatu vya kazini. Nilimkuta mbele ya duka la vitambaa, chupa ya maji mkono huu, kidonge mkono huu. Nilikipiga kofi kikarukia barabarani. Akasema, "We mama, umerukwa na akili?" Nilitaka kujibu, pumzi hakuna. Nikakaa kwenye ngazi za duka, na ni yeye aliyenishika mkono kunirudisha pole pole. Miguu imevimba, viatu nimevivulia chini ya meza.

Sista nimemweleza yote. Akanipa mpaka mwisho wa mwezi kuinyoosha orodha. Akipatikana hata mgonjwa mmoja aliyepewa dawa isiyo yake, naondoka. Basi dirishani nakaa mimi na muuguzi, kila anayekuja tunamuuliza kwa mdomo na kumwangalia pakiti zake za zamani.

Nakutumia orodha uone kama kuna namna. Siri za watu ni siri, safu ya majina nimeificha.

Mama yako


Jumatano, 5 Machi

Mama,

Shikamoo. Nimeigeuza orodha juu chini siku mbili. Hairudi. Njia ni hiyohiyo yako, kuwauliza mmoja mmoja.

Kuna jambo lingine. Nilitaka kuhakikisha ni safu ipi iliyosogea, nikazifungua zote. Uliificha safu ya majina, mama, hukuifuta. Iliyofichwa inafunguka kwa kubofya mara moja. Hilo nalo sikukufundisha.

Mstari wa mia na arobaini una jina lako.

Mbele yake pameandikwa presha, lakini mtu yeyote angekaa mstari ule angeandikiwa presha. Nimeyahesabu yote. Figo kumi na wanne, kifafa thelathini na mmoja, moyo ishirini na sita, presha themanini na watatu, pumu ishirini, sukari thelathini na wanane. Mmoja katika hao ni wewe, na sijui ni yupi. Nimerudia kusoma barua zako zote. Mkono unaotetemeka, pumzi, miguu. Mama, unaumwa nini?

Mwanao


Ijumaa, 7 Machi

Mwanangu,

Mimi mzima, hofu ni kwako.

Umesoma mwenyewe, ni presha. Umri wangu nani hana presha? Tumenyoosha mistari sitini na minne. Mshonaji amekuja kuniomba radhi kwa maneno yake, ameniletea mto wa kukalia. Fanya kazi yako, na mambo ya safu zilizofichwa yaache.

Mama yako


Ijumaa, 7 Machi, jioni

Mama,

Presha ile si yako, imekuangukia tu. Usinijibu kwa orodha tuliyoiharibu wenyewe. Jumamosi ile niliwaogopea watu nisiowajua. Leo nakuogopea wewe.

Mwanao


Ijumaa, 14 Machi

Mama,

Shikamoo. Wiki nzima hujajibu. Nimepiga simu kliniki, wakasema uko dirishani, una watu.

Mwanao


Ijumaa, 21 Machi

Mama,

Shikamoo. Nimepiga tena. Una watu. Kila siku una watu. Nashukuru angalau wanasema uko.

Mwanao


Ijumaa, 28 Machi

Mwanangu,

Marahaba zote ulizonidai. Leo siandiki kwamba mimi mzima.

Saa tano tumemmaliza mgonjwa wa mwisho kwenye foleni, bibi mmoja aliyekuja na vidonge vyake ndani ya soksi. Sista akavuta kiti, tukaipitia orodha mstari kwa mstari. Hakuna aliyekosewa. Nabaki kazini. Halafu akaweka kidole kwenye kioo, akasema, "Na huyu?" Mstari wa mia na arobaini palikuwa patupu, ile presha ya uongo nilishaifuta. Watu mia mbili na kumi na mmoja nilikuwa nimewauliza, huyo mmoja nilikuwa namruka kila siku.

Nikaandika figo. Herufi nne, nimezikosea mara mbili.

Ni mwaka wa pili sasa. Sikukuambia kwa sababu ungeacha kila kitu ukaja, na nilijiona bado naweza. Daktari anasema dawa zimefika mwisho wake. Kuanzia wiki ijayo nakwenda hospitali kubwa kusafishwa damu, mara mbili kwa wiki, kwa muda wa saa nne kila mara, nimefungwa kwenye mashine nyingine. Hiyo sina daftari lake.

Nilipotaka kuifunga orodha, mashine hii ya masjala ikaniuliza tena swali la Kiingereza. Nilishika kamusi nikalisoma lote, neno kwa neno, Sista ananisubiri. Ilikuwa inauliza kama nataka kuhifadhi nilichobadilisha. Nikabonyeza Ndiyo.

Naogopa, mwanangu. Njoo.

Mama yako