Hatua Themanini za Bonde la Nakole

Dada yangu Awa,

Barua hii nampa Mama Rukia, yule muuza vitenge anayevuka Ruvuma kwenda Mtwara kila mzigo unapomwishia. Amesema atauliza sokoni mpaka apate mtu anayekujua. Akifika kwako mpe kwanza maji ya kunywa, maana njia unaijua ilivyo, halafu ndipo usome.

Mimi ni mzima. Bado nipo ofisini kwa serikali, kwenye meza ileile ya karibu na mlango, kila anayeingia ananipiga na upepo.

Siku niliporudi kutoka Pemba, hii yetu ya bara, na karatasi ya kuajiriwa ulikuwa unatwanga. Uliweka mchi chini, ukafuta mikono kwenye kanga, ukaniuliza, "Haya, kazi yenyewe ni ya kufanya nini?" Nikakwambia mimi sasa ni tekniku wa mazingira, natunza vyanzo vya maji. Ulicheka mpaka ukakaa. "Kulinda maji! Kwani maji yana mwizi?" Jioni ile ulizunguka nyumba zote za Nakole kuwaambia watu mdogo wako analinda maji, na sasa hukuwa unacheka. Ulikuwa na haki ya kujidai. Tangu mama alipofariki wewe ndiye uliyenibeba mgongoni kuvuka bonde nyakati za mvua, ili nifike shule na sare kavu. Wewe ulinipeleka Pemba kwa mpunga wa bonde lilelile. "Soma," uliniambia. "Kulima nitalima mimi, kwa mikono ya sisi wawili."

Halafu ikaja habari ya gesi iliyopatikana baharini. Unakumbuka watu walivyokuwa? Bahari yenyewe hatukuona imebadilika, lakini nchi kavu yote iligeuka. Wageni wakawa wanapima rasi ya Afungi, wengine wanauliza ardhi mpaka Pundanhar, na mwenye kichaka cha mikunazi akawa anakitazama kama duka. Kwetu Nakole akaja yule mkandarasi wa malori. Alitaka mchanga wa kijito chetu, na mahali pa kuweka kambi ya wafanyakazi wake. Bonde lako la chini lilimpendeza. Alikuahidi kulikodi, na wewe mwenyewe akupe kazi ya jikoni kambini. Ulinionyesha utakapojenga nyumba ya matofali. Ulitembea kwenye nyasi ukisema, hapa sebule, hapa chumba chetu na Saidi, hapa cha watoto, na hiki cha mwisho, chenye dirisha la upande wa upepo, ni cha Zena.

Mimi nilikuwa najua, dada. Siku ile unanigawia chumba, nilikuwa nimeshaambiwa ofisini.

Mkubwa wangu, Chefe kama tunavyomwita, alikuwa ameniagiza nitembee bonde zima kabla ya mkandarasi kupewa kibali, niweke mpaka wa hifadhi: mita mia kuzunguka chemchemi, na ukanda wake pande mbili za kijito. Visima vyote vya chini, na vya mjini pia, vinakula maji ya pale. Siku tatu nilitembea na Bwana Anli, kibarua wetu, mimi nimeshika GPS, kile kimashine cha kupimia, yeye nyundo na vigingi vyenye kichwa chekundu. Siku ya tatu tukafika kwako. Wewe ulikuwa umekwenda msibani Olumbi. Nilipima mara mbili. Nikarudi nyuma, nikapima tena. Bonde lako la chini lilikuwa ndani ya mpaka, lote.

Bwana Anli akasita. "Hili si la dada yako?"

"Piga," nikamwambia.

Akapiga. Nikapanda mota, ile pikipiki ya ofisi, nikarudi mjini. Nilipita mbele ya nyumba yako bila kusimama, na siku uliporudi kutoka Olumbi sikuja kukupokea.

Ulivikuta vigingi ukingoni mwa mpunga wako. Ulikuja kwangu kwa miguu, una vumbi mpaka kwenye nyusi, hukutaka hata kukaa.

"Zena, vile vijiti vyekundu ni vya nani?"

"Vya ofisi."

"Ofisi ndiyo nani?"

Nikasema, "Ni mimi, dada."

Hukupiga kelele. Ulisema umehesabu kwa miguu yako, kutoka kigingi mpaka mwisho wa shamba upande wa kijito ni hatua themanini. "Hatua themanini tu, mdogo wangu. Visogeze. Nani atajua?" Nikakueleza kwamba Bwana Abudo, jirani yako wa juu, naye alikuja kuniomba nimsogezee, nami nikamkatalia. Nikikusogezea wewe nitamtazama vipi?

Ukasema, "Kwani mimi ni Bwana Abudo?"

 

Kwenye mkutano wa kijiji wa kutangaza mpaka, mle darasani, watu walinitukana, unakumbuka, wengine walisema nimetumwa na watu wa kusini, kwenye makao ya serikali, nije niwafukarishe ndugu zangu. Nilisimama mbele ya ubao na ramani yangu mkononi. Kisha ukainuka wewe, na darasa zima likakugeukia, maana kila mtu alijua ulivyonilea. Ukasema, "Mimi sina neno. Huyu nilimbeba mwenyewe. Kama ameona maji ni bora kuliko mimi, basi maji ni bora." Ukatoka. Ulivuna mpunga wa mwisho, ukafunga mizigo, mkavuka Ruvuma wewe na shemeji Saidi na watoto kwenda kwa ndugu zake. Hukuniaga. Habari za safari yenu nilipewa na muuza samaki.

Sasa nikwambie yaliyotokea baada yako, maana najua hakuna aliyekueleza.

Ramani yangu ilipelekwa juu ikatiwe saini. Ilirudi na mstari mwingine. Palepale kwako ulikuwa umekunjwa kuelekea kijito, kiasi cha zile hatua zako themanini, na bonde lako likawa nje ya hifadhi. Limeandikwa shamba lililoachwa, halina mwenyewe. Chefe akaisukuma mezani kwangu. "Weka saini hapa, tekniku."

"Huu si mstari wangu, Chefe."

"Mstari ni wa serikali. Haujawahi kuwa wako."

Sikuweka. Aliweka yeye. Kesho yake nikanyang'anywa ufunguo wa mota nikapelekwa chumba cha makaratasi, nipige mihuri. Malori yakaingia kwako, dada, bila wewe kupata hata asante. Niliyasikia yanapita nikiwa nimekaa na muhuri mkononi, nikasema moyoni, afadhali ningekupa wewe. Nilisema hivyo. Nisikufiche.

Lakini kila Jumamosi nilikwenda kwa miguu kwenye visima vya chini na chupa tupu. Najaza maji, naandika siku na jina la kisima, naiweka dirishani kwenye kile chumba cha makaratasi. Za mwanzo ungeweza kusoma gazeti kupitia kwazo. Mvua zilipokolea, zikawa rangi ya chai ya maziwa. Chefe aliziona akaniuliza naotesha nini humo, nikasema, maji. Mwisho wa mvua wanawake wa bonde wakaja ofisini na ndoo za maji hayohayo kichwani. Waliziteremsha moja moja kwenye ngazi, kuanzia chini mpaka mlangoni kwa Chefe, hakuna aliyepata pa kukanyaga. Mbele yao alisimama mwanamume mmoja tu, Bwana Abudo. Akasema, "Tunamtaka yule binti wa vigingi."

Nikabeba chupa zangu nikatoka nazo. Wiki ile malori yalisimamishwa, na baadaye mstari ukarudi ulipokuwa. Hakuna aliyeniambia nilikuwa sahihi. Nilikuta tu ufunguo wa mota juu ya meza yangu.

Maji yameanza kutakata. Bonde lako limeota matete, na kwa sheria ileile hakuna anayeruhusiwa kulilima, hata wewe ukirudi. Napita kila wiki kupima kina cha maji. Watu wananisalimia vizuri. Ila Idi iliyopita nilizunguka Nakole nzima, na kila nyumba niliyoingia walinitolea kiti. Wanawake wote wamekaa mkekani wanacheka, mimi niko juu ya kiti kama mgeni wa serikali, na sahani yangu peke yangu. Nilikula upesi nikaondoka. Hakuna aliyeniambia kaa kidogo.

Dada, sikuombi unisamehe ule mstari. Nikirudishwa siku ile, na kimashine mkononi, nitamwambia tena Bwana Anli apige. Ninachokuomba ni kingine. Ulinionyesha chumba changu, nami nikaitikia nikijua. Nilikuacha uje ugundue peke yako, umesimama ndani ya mpunga wako, jambo ambalo nilipaswa kukwambia kwa mdomo wangu, nimekaa chini mbele yako. Niliogopa uso wako. Kwa woga huo nimeukosa mwaka mzima, na sijui bado mingapi.

Juzi ofisini tumejazishwa fomu mpya. Wanataka jina la ndugu wa karibu, wa kupewa taarifa mtu akipatwa na jambo. Nikaandika jina lako, na mahali: Mtwara. Karani akainua macho. "Mtwara ni kubwa, dada. Mtaa gani?" Nikamwambia nitamletea.

Basi niandikie jina la mtaa tu. Salamu si lazima.

Mdogo wako,
Zena