Siku Mukubwa wa Masomo Aliuliza Batoto ni ba Nani

Bunia, Mudzipela

Mudogo yangu Jérôme,

Miye yaya yako Antoine, kaka yako mukubwa, niko na miaka quatre-vingt-un, makumi munane na moja, na ninaandika na mukono yangu mwenyewe, juu batu ba kuandikia banaongezaka maneno yabo. Nimeisha kuzika bibi wawili, mapadri ine, na munganga moja ile alisema moyo yangu haitafika Noeli. Vita ilipita mbele ya mulango yangu, ikaniangalia, ikaendelea. Njo maana ninakusalimia bila haraka. Uko muzima? Mugongo yako inasema nini? Suzanne bibi yako anaendelea kukufokea muzuri? Na muke ya mutoto yenu Prudent, tumbo yake imefika wapi? Hiyo ya tumbo nitairudilia pale chini.

Siye hapa tuko. Mvua ni mingi, na matope ya Mudzipela inashika kiatu sawa bibi wa wivu.

Sasa habari. Unajua masomo ile iko nyuma ya parseli yangu, kiwanja yangu. Asubui banasoma batoto ba kartye, mutaa yetu. Nyuma ya saa sita banasoma batoto ba badeplase, batu ile vita iliwafukuza Djugu. Kila mutoto anakuja na kiti yake ya miti ku kichwa, juu mabanki hazitoshe. Saa ile miye ninalala, beko banaimba a, e, i, o, u. Na moja kati yabo, kabinti kembamba, anapandaka muti yangu ya avoka. Siku moja nilimukuta kule juu, nikamuambia ashuke. Akanijibu kati ya majani: muzee wa bila meno haina kazi na avoka ngumu. Nilimutukana mupaka ukoo yake yote. Alishuka na tatu mu nguo.

Basi wiki ile ilipita, mukubwa wa masomo wa muji muzima alikuja kusema na sisi bazazi na bazee ba kartye. Balituambia saa tatu. Alifika saa sita, mu gari ya jeep, na miwani ya giza, na kiti yake ya mito balitoa ku biro yake ya kazi, juu matako yake haijue viti yetu ya plastike. Hakusalimia bazee. Alikanyaga shamba ya maharagi ya masomo, akasimama ndani yake, akaanza. Mudogo yangu, nimesikia batu wakisema bule mu maisha yangu, lakini huyu alikuwa bingwa. Kifaransa ya kukauka sawa samaki ya mwaka jana. Alituita périphérie, batu ba pembeni ya muji. Mudzipela, ile ilikuwa hapa kabla ya baba yake kuvaa suruali. Kila mara alipumuzika, kijana wake wa protokole alipiga mikono, na batu yetu, juu ya heshima ya mugeni, balipiga pia. Balipigia mikono maneno ya kuwapiga.

Juu maneno yenyewe ilikuwa hii, catéchiste Ephraïm alituelezea ku Kiswahili: masomo ya muji imejaa. Kuanzia kazi moja, njo Jumatatu, nyuma ya saa sita atabaki tu mutoto mwenye muzazi wa kartye hii, muzazi mwenye parseli. Bale bengine baende ku masomo ya site, kambi ya badeplase, kule mbali, ngambo ya kartye ya Rwambuzi.

Mama Léontine alisimama. Ni mwanamuke wa Djugu, anauzisha makala pale karibu na mulango yangu, anapanga ka nyumba ka bati. Alisema eko na kabinti moja, si damu yake, alikaokota njiani siku ya kukimbia, kanalia pekee. Alisema hataweza kutuma mutoto wa kike pekee mu njia ile. Kama ni Rwambuzi, basi masomo yake imekufa. Mukubwa alimuangalia sawa mutu anaangalia mvua kupitia dirisha. Akasema sheria ni sheria.

Unanijua. Nilisimama na fimbo. Nilimuambia: miye nilibeba matofali ya masomo ile na kichwa hii, na kama masomo ingekuwa ya parseli, yeye mwenyewe, mutoto wa batu ba kupanga, angekuwa anachunga mbuzi. Batu balicheka. Njo akavua miwani, akaniuliza polepole: muzee, na weye uko muzazi wa nani hapa? Balicheka tena, lakini sasa juu yangu, juu kila mutu anajua batoto yangu ni bazee. Kijana wa protokole alinishika bega, akasema nikae. Miye, nikae.

Mbele yake mukubwa alikuwa amewapanga batoto ba badeplase. Yule wa mwisho, na kiti ku kichwa, mguu moja ya kiti imevunjika, ni yule mwizi ya avoka, kabinti ka Mama Léontine. Mukubwa akauliza: na huyu ni wa nani? Mama Léontine aliangalia chini.

Jérôme, shika kitu sasa. Nilisema: ni wangu.

Akatabasamu. Akasema, muzuri, baba, mutoto yako anaitwa nani?

Sikujua. Kila mutu wa Mudzipela anajua ni Abigaël, isipokuwa miye, juu nilikuwa ninamuita mwizi. Na mu kinywa yangu kukatoka jina ya mwanamuke ile haijatokaka mu kichwa yangu. Nilisema: Afoyorwoth. Jina ya mama yetu.

Mukubwa akamugeukia, akauliza kama ni yeye. Mutoto aliniangalia. Akashusha kiti, akanyoosha mukono, akasema présente, na sauti ya kutikisa bati. Amebaki. Anasoma.

Ninajua. Jina ya mama inatolewaka mara moja, ndugu beko pamoja, kuku imechinjwa. Ninajua ulikuwa unaiweka kwa ajili ya tumbo ya kwa Prudent. Nimeitoa bila weye, bila kuku, kwa mutoto wa Djugu, mbele ya batu, na jina ya marehemu haimezwe tena. Siombe musamaha. Ninakujulisha. Prudent akizaa binti, ampe jina ya mama mukwe yako. Alikuwa mwanamuke mubaya, lakini jina ni ya kutosha.

Na utume kiti ya mama, ile iko kwako, mu gari ya samaki. Ile ya mutoto haina mguu.

Kama unawaza ninajisifu, uliza Mama Léontine, uliza Ephraïm, uliza Paluku mushona viatu pale ku mulango wa masomo. Kama hao hawatoshi, ukuje weye mwenyewe. Simama chini ya avoka yangu, uite jina ya mama. Itaitika.

Yaya yako,
Antoine